Usiishie kwenye Jibu la Tano: Jinsi ya Kupima na Kuzoeza Ubunifu Wako

Mwulize mtu aliyekulia Kibosho, Machame au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mgomba una kazi gani, hatakwama. Atakutajia ndizi za mtori, za kiburu, za kuivisha, za mbege. Atakutajia majani ya kufunikia chakula, ya kufungia mzigo, ya kumkatia ng'ombe. Kuna majani makavu ya kutandaza shambani na, zamani, ya kuezekea. Kuna shina la kulishia mifugo kiangazi, na kivuli cha kahawa. Ataendelea mpaka umwambie inatosha.

Sasa mwulize mtu huyohuyo dumu la plastiki la lita 20 lililopasuka kitako lina kazi gani. Atasema kupandia mchicha, kuwekea takataka, halafu atakutazama.

Akili ni ileile. Ila majibu ya mgomba ameyarithi: watu wa kabla yake waliyatafuta, wakayajaribu, wakamwachia. Majibu ya dumu lazima ayatoe mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumzoeza kazi hiyo. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo. Utajipima, utajisahihisha, utafanya mazoezi kwa wiki nane, kisha utajipima tena. Unahitaji daftari, kalamu na simu yenye saa ya kuhesabu dakika.

Kwa nini ujisumbue

Mwaka 1950 J. P. Guilford, akiwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, aliwahutubia wenzake na kuwalaumu kwa kuupuuza ubunifu. Katika kazi zake alitenganisha namna mbili za kufikiri. Moja ni kufikiri kwa kukusanya: una taarifa nyingi, unazibana mpaka upate jibu moja sahihi. Nyingine ni kufikiri kwa kutawanya: una swali moja, unalifungulia njia nyingi. Kwa hii ya pili alibuni maswali kama lile la tofali: mbali na kujengea, tofali lina matumizi gani mengine? Mwaka 1966 E. Paul Torrance akachapisha vipimo vyake, ambavyo bado vinatumika katika nchi nyingi.

Shule zetu zinatuzoeza ile ya kwanza, na zinatuzoeza vizuri. Mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba anatafuta herufi moja kati ya kadhaa. Sina ugomvi na hilo. Mhasibu anayefunga hesabu za ushirika wa AMCOS hahitaji majibu ishirini. Lakini mkulima ambaye kahawa yake imezeeka, fundi ambaye kifaa alichokizoea hakipatikani tena sokoni, na kijana aliyemaliza chuo bila ajira hawana herufi za kuchagua. Inabidi watunge wenyewe orodha ya majibu kabla ya kuchagua, na mtu anayechagua kutoka orodha ya majibu mawili hana uchaguzi mkubwa.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mwaka 1957 Guilford na wenzake, Christensen na Wilson, waliangalia majibu ya watu dakika kwa dakika. Waliona kuwa kadiri muda unavyosonga, majibu yanayokuja huzidi kuwa yasiyo ya kawaida. Ya mwanzo ni yale ambayo kila mtu anayo. Kwa hiyo mtu anayeacha kuandika anapokwama anaacha palepale ambapo kazi yake mwenyewe ingeanza. Mazoezi yote yaliyo hapa chini yana shabaha moja: kukufanya ubaki kwenye kiti baada ya kukwama.

Kipimo cha kwanza

1. Kaa mahali ambapo hutasemeshwa kwa dakika 15. Usifanye usiku sana ukiwa umechoka, utapima uchovu.

2. Chagua kitu kimoja kati ya hivi: dumu la lita 20 lililopasuka kitako, rimu ya baiskeli isiyo na tairi, mfuko mtupu wa saruji, ufunguo ambao kufuli yake haijulikani, kofia ngumu ya bodaboda iliyovunjika. Vinne vilivyobaki usivifikirie kabisa. Utavihitaji baadaye.

3. Juu ya karatasi andika: "Kitu hiki kinaweza kufanya kazi gani? Nitaandika nyingi, na zisizo za kawaida." Usiiruke sentensi hiyo. Imeonekana mara nyingi kwamba mtu anayeambiwa waziwazi atafute yasiyo ya kawaida huandika tofauti na aliyeambiwa aandike tu.

4. Weka saa ya simu dakika 10. Andika kila jibu kwenye mstari wake. Usifute na usijisahihishe. Jibu la kijinga nalo liandike.

5. Ukikwama mara ya kwanza, yaani ukikaa kama nusu dakika bila jibu jipya, piga mstari mnene chini ya jibu la mwisho. Usiinuke. Endelea chini ya mstari huo hata kama ni jibu moja kila dakika mbili.

6. Saa ikilia, acha.

> KISANDUKU: Kwa nini mgomba haumo
> Ukiishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, usijipime kwa mgomba wala kwa isale. Isale ni alama ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, na pia ni jani la kuombea msamaha na kupatanisha. Mtoto wa Kichaga anajua hayo kabla hajaenda shule. Ukiulizwa kitu cha namna hiyo unakumbuka, hubuni, na alama zako zitakuwa kubwa bila sababu. Mtu wa pwani asijipime kwa mnazi. Chagua kitu ambacho mila haijakijibia.

Jinsi ya kusahihisha

Alama ni nne, nawe usizijumlishe kuwa moja.

Wingi ni idadi ya majibu yanayoeleweka. Aina ni idadi ya makundi ambayo majibu hayo yanaingia. Upekee ni majibu ambayo wengine hawakuyatoa. Ili kuupata unahitaji angalau watu watano waliojibu kuhusu kitu kilekile, kila mmoja peke yake, na unahesabu majibu yaliyotokea kwa mtu mmoja tu. Undani ni kiasi ambacho jibu limeelezwa hadi mtu mwingine angeweza kulitekeleza.

Tazama karatasi hii ya mfano niliyoitunga, ya dumu lililopasuka:

1. Kupandia mchicha
2. Kupandia vitunguu
3. Kupandia miche ya kahawa
4. Kuwekea takataka
5. Kuwekea nguo chafu

*(mstari: hapa alikwama)*

6. Kukata sehemu ya mdomo iwe ya kumiminia mafuta ya taa
7. Kulaza ubavu na kutoboa mlango: kiota cha kuku anayetaga
8. Ngoma ya watoto
9. Kukata vipande viwe vibao vya kuandikia majina ya miche kitaluni
10. Kukata duara pana, kulitoboa katikati na kulivisha kwenye nguzo ya ghala ili panya asipande
11. Kuchimbia kando ya mche na kulijaza maji, ufa umwagilie taratibu

Wingi ni 11. Sasa hesabu aina. Majibu matatu ya kwanza ni jambo moja, kupandia. La nne na la tano ni jambo moja, kuhifadhi. Kwa hiyo juu ya mstari kuna majibu matano na aina mbili tu. Chini ya mstari kuna majibu sita na aina sita: kumiminia, makazi ya kuku, muziki, alama, kinga ya panya, umwagiliaji. Jumla ya aina ni nane.

Liangalie kwa makini jibu la 11. Majibu kumi ya mwanzo yanatumia dumu licha ya ufa wake. Hili linatumia ufa wenyewe. Mtu aliyeandika hivyo ameacha kuuliza "nitalitumiaje dumu bovu?" na ameuliza "ubovu huu unafanya nini?" Unavuja. Kuna kitu gani kinachohitaji kuvuja? Badiliko la namna hiyo halionekani kwenye wingi. Linaonekana kwenye aina, na mara nyingi huja mwishoni. Ndiyo maana nakushauri uipe aina uzito kuliko wingi. Mtu mwenye majibu 25 ya kupandia mboga 25 tofauti ana wazo moja.

Tahadhari kabla hujaamini alama zako

- Hiki si kipimo cha akili, na alama ndogo haimaanishi huna ubunifu. Torrance aliwafuatilia hadi utu uzima watoto wa Minnesota walioanza kupimwa mwaka 1958. Vipimo vilionyesha jambo fulani kuhusu maisha yao ya baadaye, lakini si jambo lote. Ujuzi, bidii na mtu wa kukushika mkono vina sehemu yao.
- Usilinganishe alama zako na za mtu aliyejibu kuhusu kitu kingine. Rimu ya baiskeli na mfuko wa saruji si sawa kwa ugumu.
- Usirudie kitu kilekile ukitegemea kuona maendeleo. Mara ya pili unakumbuka.
- Mwalimu, usizitangaze alama hizi darasani kwa mpangilio wa wa kwanza hadi wa mwisho. Ukifanya hivyo mara moja, kuanzia siku hiyo watoto wataandika majibu ya kukupendeza wewe.

Zoezi la kwanza: kivue kitu jina lake

Mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker aliwapa watu mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, akawataka wausimamishe mshumaa ukutani. Ufumbuzi ni kumwaga pini, kukibana kisanduku ukutani na kuweka mshumaa juu yake. Wengi walihangaika kwa sababu kisanduku kilichojaa pini walikiona kuwa chombo cha pini, basi. Walipopewa kisanduku kikiwa kitupu, kazi ikawa rahisi zaidi.

Jina la kitu mara nyingi hutaja kazi yake, na kazi hiyo ikishakaa kichwani inazuia nyingine. Dawa yake, ambayo mtafiti Tony McCaffrey aliielezea mwaka 2012, ni kukivunja kitu sehemu kwa sehemu na kuzitaja sehemu hizo kwa maneno yasiyotaja kazi. Fanya hivi:

1. Andika jina la kitu, kwa mfano tairi chakavu la gari.
2. Andika sehemu zake. Kwa kila sehemu jiulize: je, neno hili linataja kazi? Kama linataja, libadilishe. "Tairi" linakuwa "duara la mpira mnene lenye nyuzi ngumu ndani, lenye mifereji upande mmoja."
3. Endelea: umbo, uzito, kinapinda au hakipindi, kinaelea au kinazama, kinaungua au hakiungui.
4. Kwa kila sifa, tafuta nani duniani anahitaji sifa hiyo.

Mpira mnene wenye mifereji usioisha upesi: nani anahitaji? Anayetembea kwenye mawe. Hapo umefika kwenye katambuga, viatu vya mpira wa tairi, na mafundi wetu walifika huko bila kumsoma Duncker. Fanya zoezi hili mara mbili kwa wiki, dakika tano kila mara. Ukiwa Moshi, pita Kiboriloni au soko la Memorial, chagua kitu kimoja kwenye rundo, kivue jina.

Zoezi la pili: maelezo kumi

Watu wengi wakisikia ubunifu hufikiria vitu. Lakini kufikiri kwa kutawanya kunafanya kazi pia kwenye sababu, na hapa Moshi tuna mfano wa karibu kuliko wanavyojua wengi.

Mweka inajulikana kwa njia ya kushukia wapanda mlima na kwa chuo chake cha wanyamapori. Mwaka 1969 mwanafunzi wa chuo hicho, Erasto Mpemba, alichapisha makala katika jarida la Physics Education pamoja na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu Dar es Salaam. Jambo lenyewe lilianza 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa inajaa, na mwenzake mmoja akaweka yake bila kuchemsha. Mpemba akaona akisubiri atakosa nafasi, akaweka yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake.

Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza. Alipokuwa Shule ya Mkwawa, Iringa, Osborne alikuja kutembelea shule, naye akauliza tena mbele ya wenzake, nao wakacheka. Osborne hakumkatalia. Alisema atalijaribu, akarudi Dar es Salaam, likajaribiwa. Leo wanafizikia duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapo ndipo zoezi letu lilipo. Kwa miaka zaidi ya hamsini wataalamu wametoa maelezo mengi yanayoshindana. Maji moto hupotea kwa mvuke, hivyo yanabaki machache ya kuganda. Maji yaliyochemka yamepoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake. Mzunguko wa maji ndani ya chombo ni tofauti. Chombo cha moto huyeyusha barafu ambayo kimeikalia, kikagusana vizuri zaidi na friji. Maji baridi yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Na wapo wanaosema kuwa ukipima kwa uangalifu mkubwa huenda jambo lenyewe halitokei kama inavyodhaniwa. Kila moja ni njia tofauti ya kulitazama bakuli moja la maziwa.

Wewe fanya hivi, mara moja kwa wiki:

1. Andika jambo moja ulilolishangaa wiki hii. Liwe dogo na la kweli. Miche ya upande mmoja wa kitalu imenyauka. Duka lako huuza zaidi siku ambayo hukutarajia. Mbege ya jirani huwahi kuiva.
2. Andika sababu kumi zinazowezekana. Sheria ni moja: mbili kati yake ziwe "nimepima vibaya" na "ni bahati tu". Hizo mbili zitakulinda usijenge nyumba juu ya jambo lisilokuwepo.
3. Kwa kila sababu, andika mbele yake: "Kama hii ndiyo, ningeona nini kingine?"
4. Chagua moja inayoweza kujaribiwa bila fedha. Ijaribu.

Kosa la kawaida hapa ni kusimama kwenye sababu ya kwanza kwa kuwa inaridhisha. Sababu ya kwanza karibu kila mara inaridhisha. Ndiyo iliyokuja haraka. Kosa la pili ni la wazazi na walimu: mtoto akileta jambo la ajabu tunamwuliza "nani kakuambia?" Mwulize "umeonaje?" kisha mwambie alirudie mbele yako.

Zoezi la tatu: andika swali upya

Hili ndilo utakalolitumia zaidi kwenye riziki. Tuseme una nyumba ya wageni ya vyumba sita Soweto, hapa Moshi, na wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, wapanda mlima wanapungua. Swali linalokujia ni "nitawapataje wapanda mlima Aprili?" Ukilijibu hilo utapunguza bei, na jirani yako atapunguza zaidi. Kabla ya kujibu, liandike upya mara tano:

- Nani analala Moshi mwezi Aprili bila kuja kupanda mlima? (Ndugu wa wagonjwa waliotoka mikoa mingine kuja hospitali ya KCMC. Wanaokuja kwenye semina na mikutano. Familia zinazokuja msibani zikiwa nyingi kuliko nyumba.)
- Nina nini kingine zaidi ya vitanda? (Jiko kubwa, ua, maegesho, mtu anayejua kufua mashuka mengi.)
- Ni kazi gani haiwezekani wageni wakiwepo? (Kupaka rangi, kufundisha wapishi, kurekebisha mabomba.)
- Nikifunga miezi miwili nitapoteza nini hasa, na nitaokoa nini?
- Ningekuwa sina nyumba hii kabisa, mtu mwenye nyumba tupu ningemshauri nini?

Umeona kuwa swali la kwanza na la pili katika orodha hii yanakupeleka kwenye biashara mbili tofauti kabisa. Usijibu lolote kwa undani mpaka matano yaandikwe.

Zoezi la nne: kila kitu kazi tatu

Kihamba ni shamba ambalo hakuna kilichomo chenye kazi moja. Mti wa kivuli unaipunguzia kahawa jua, unatoa kuni, majani yake yanaoza kuwa mbolea, maua yake nyuki wanayatumia. Ng'ombe wa zizini anakula majani ya mgomba na mgomba unakula samadi yake. Mwaka 2011 FAO iliingiza kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Chukua sehemu moja unayoitawala: ua, karakana, meza ya kazi, darasa. Orodhesha vitu vitano vilivyomo. Kwa kila kimoja andika kazi kinayofanya sasa, kisha kipe mbili zaidi bila kununua chochote. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kutembea

Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford walionyesha kuwa watu hutoa majibu mapya zaidi wakitembea kuliko wakikaa, hata wakitembea kwenye mashine ndani ya chumba. Basi ukikwama, simama utembee. Ila kutoka mjini kwenda Kibosho ni kupanda tu, na mtu anayehema hafikirii. Tafuta njia tambarare, tembea mwendo wa kawaida, rekodi sauti kwenye simu.

Mkiwa kikundi

Walimu wanaijua bungua bongo: watu wanakaa pamoja, kila mmoja anarusha wazo, hakuna kukosoana. Mbinu hiyo ilienezwa na Mmarekani Alex Osborn katika miaka ya 1950. Mwaka 1958 watafiti wa Yale waliijaribu wakakuta kinyume cha walichotarajia wengi: watu wanne wanaofikiri kila mmoja peke yake, majibu yao yakiunganishwa, hutoa mawazo mengi kuliko watu wanne waliokaa pamoja. Utafiti wa baadaye ulionyesha sababu mojawapo: mmoja akisema wengine wanasubiri, na wakisubiri wanasahau au wanafuata alichosema.

Kwetu kuna jambo la kuongeza. Kwenye kikao cha ukoo, cha VICOBA au cha bodi ya shule, mzee au mwenyekiti akishasema, kijana hatatoa wazo linalopingana naye. Hiyo ni adabu, nami siombi tuiache. Naomba tubadilishe mpangilio:

1. Mwenye kikao asome swali mara mbili. Asitoe mfano, maana mfano wake utakuwa jibu la wote.
2. Kila mtu aandike kimya kwa dakika nane. Asiyeandika amnong'oneze mwandishi.
3. Karatasi zikusanywe bila majina, zichanganywe, mtu mmoja asome zote kwa sauti.
4. Yapangwe kwa aina ubaoni.
5. Kila mtu aandike tena dakika tatu, akiongeza juu ya aliyoyasikia.
6. Hapo ndipo mjadala uanze, na wazee waseme mwisho.

Baada ya kutawanya, kusanya

Usitawanye na kuchagua kwa wakati mmoja. Weka angalau usiku mmoja katikati. Kesho yake rudi na orodha hii:

☐ Nimeondoa yanayodhuru mtu au kuvunja sheria
☐ Nimebakiza angalau wazo moja linalonitia wasiwasi kidogo
☐ Kwa kila lililobaki, nimeandika gharama ya kulijaribu kwa wiki moja tu
☐ Nimemwonyesha mtu mmoja anayeijua kazi hiyo kuliko mimi
☐ Nimechagua moja, na nimeandika tarehe ya kulijaribu
☐ Nimeandika nitakachokiona kama limeshindikana

Watu huruka kipengele cha mwisho. Usipokiandika mapema, utalitetea wazo lako hata likishakufa.

Ratiba na kipimo cha pili

Wiki mbili za kwanza fanya zoezi la kwanza peke yake. Ongeza la pili wiki ya tatu, la nne wiki ya tano. La tatu lifanye kila unapopata tatizo halisi, usisubiri ratiba. Ukikosa siku, usilipie kwa kufanya mara mbili kesho yake.

Mwisho wa wiki ya nane, chukua kimojawapo cha vitu vinne ulivyoviacha. Dakika zilezile 10, saa zilezile za siku. Sahihisha, kisha weka karatasi mbili sambamba, ukikumbuka kuwa vitu havilingani kwa ugumu. Ukipata nafasi, jipime kwa viwili ili usidanganywe na kimoja. Angalia mambo mawili: mstari wako wa kukwama umeshuka hadi jibu la ngapi, na chini yake kuna aina ngapi.

Kama wingi umepanda na aina zimebaki zilezile, umejifunza kuandika haraka. Rudi kwenye zoezi la kuvua majina kwa mwezi mmoja. Kama wingi haujabadilika lakini aina zimeongezeka, uko vizuri, usihangaike na wingi. Kama chini ya mstari hakuna kitu, angalia kwanza kama ulikaa dakika zote 10. Kama ulikaa, badilisha kitu: chukua kilicho karibu na kazi unayoifanya kila siku, jipime tena baada ya wiki moja.